Abiria wa Siku ya Soko

Rafiki yangu Theuri, mwendesha bodaboda wa Nyeri, husimulia jambo hili akitukana.

Ilikuwa siku ya soko, mvua kubwa, giza la mawingu limefunika mji mapema. Malori yalikuwa yameziba barabara na honi hazinyamazi. Theuri alikuwa peke yake, akienda kumchukua Mama Roshni, mteja wake mwenye duka la vitambaa, na hasira ilikuwa imempanda.

Katikati ya foleni akagongwa begani mara mbili, vile abiria hugonga akitaka kushuka. Kwa mazoea akashika breki. Uzito ukamlalia mgongoni.

"Nani huyo? Mimi sijabeba mtu!" akafoka. Hakugeuka; alipenya katikati ya malori mpaka dukani.

Mama Roshni alikuwa mlangoni, amekunja uso. "Theuri, si nilikuambia uje peke yako? Sasa mimi nitakaa wapi?"

"Niko peke yangu!"

"Na huyo?"

Theuri akaruka chini, akageuka. Hakuona mtu.

"Shuka!" akapiga kelele. "Nimesema shuka!"

Pikipiki nzima ilichuruzika maji. Kiti cha nyuma tu kilikuwa kikavu, na mvua ilizidi kunyesha.