Kamba ya Nyumba ya Mungu

Soko la Memorial mjini Moshi lilikuwa limefurika Jumamosi hiyo Violet alipovuta koti la ngozi kwenye lundo la mitumba, akahisi linavutwa upande wa pili.

"Dada, hilo ni la kiume."

"Kwani limeandikwa jina lako?"

Kijana mrefu, shati jeupe limenyooshwa vizuri, akacheka. Aliitwa Theodory, rubani wa ndege ndogo za watalii. Violet, fundi cherehani wa Njoro, alikuwa ndani ya gauni la kitenge la njano alilojishonea mwenyewe. Koti alimwachia. Namba ya simu pia.

Mapenzi yakakolea. Kila akitua, Theo alipiga simu. "Vai wangu, nimeshakanyaga ardhi."

"Kanyaga taratibu, usiniharibie viatu," Violet alikuwa akimjibu.

Siku moja simu haikulia. Theo alikuwa akirudi Moshi na fundi wa ndege, rafiki yake Basili, injini ikazimika juu ya bwawa la Nyumba ya Mungu. Akaishusha ndege majini. Wavuvi walimwopoa Theo. Ndege ilizama, na Basili hakuonekana. Wazamiaji walitafuta wakakata tamaa. Chini kulikuwa na tope zito.

Tangu hapo Theo hakuwa yule yule. Alishtuka bomba likifunguliwa. Kila Jumapili alizima simu, na mteja mmoja akamwambia Violet kwamba Theo ameonekana bwawani na mwanamke.

"Ni nani huyo?" Violet alimuuliza.

"Usinifuate huko, Vai. Nakuomba."

Jumapili iliyofuata alimfuata. Jua lilikuwa kali, ila maji yalikuwa ya kahawia, mazito, hayakung'aa hata kidogo. Hapakuwa na ndege wa angani wala mtoto wa kuogelea. Ufukweni aliketi mwanamke mzee amejifunga kanga mbili, na Theo alikuwa kifua wazi, akijifunga kamba kiunoni, ncha yake ya pili ikiwa mkononi mwa mvuvi mmoja.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mimi ni mama yake Basili." Akaonyesha maji kwa kidevu. "Mwenzako anasema alimwacha mwanangu amefungwa mkanda. Kila wiki anazama kumtafuta. Nimemsihi aache, hasikii. Naja nisije nikampoteza na huyu."

Wivu ulimtoka Violet, hofu ikakaa mahali pake.

"Theo, humu kuna mamba!"

"Siwezi kukuoa, Vai, yeye yuko chini pale."

Violet alijua hataweza kumzuia. Akamnyang'anya mvuvi ncha ya kamba, akajizungushia mkononi. "Basi nitaishika mimi."

Theo akazama. Kamba ikakimbia, ikamchuna viganja, kisha ikalegea. Violet akaita jina lake. Maji yakakaa kimya. Akaanza kuvuta kwa nguvu zote, mvuvi akamsaidia, mama akipiga magoti huku akisali Salamu Maria, hadi kichwa kikaibuka, macho yamemtoka.

Theo alitapika maji, akamgeukia mama.

"Hayumo, mama. Mkanda uko wazi, mlango uko wazi. Basili alitoka."

"Alitoka?"

"Alitoka. Hakufa amefungwa."

Mama akamkumbatia akilia, akamshukuru Mungu, kisha akajikung'uta vumbi na kutangulia kwenda barabarani.

Violet alimfuta Theo uso kwa mtandio wake. "Uliiona ndege kweli?"

Theo alitazama viganja vya Violet vilivyochubuka. "Sikuona hata mkono wangu. Ni tope tupu."

Upepo ukapita juu ya bwawa bila kuyatikisa maji.

"Ningemwambia nini, Vai? Angekuja hapa mpaka afe."

Violet akaanza kuikunja kamba.

"Utanikubali, hata hivyo? Nije Kirua kwa wazee wako?"

"Njoo. Lakini huku hurudi tena. Niahidi."

"Sirudi," alijibu upesi. Upesi mno.

Violet akamshika mkono, wa baridi kuliko jua lile lilivyoruhusu, wakapanda kumfuata mama, ambaye mbele yao alikuwa ameanza kuimba.