Anakolala Tilly

Janine alikuwa akipaka siagi kwenye mkate wa kubanika. Nje, mvua ya Burnley, kaskazini mwa Uingereza, ilinyesha kama kawaida yake. Binti yake Tilly, wa miaka minane, alikuwa ameketi sakafuni akihangaika na viatu vya shule.

"Mama, kidole kinagonga ukuta."

"Ukuta gani?"

"Wa kiatu."

Janine alicheka. Juu ya friji palikuwa na barua ya ofisi ya serikali ya matunzo ya watoto. Ofisi ilikuwa imepunguza pesa za matunzo anazotoa Darren, baba yake Tilly, kwa sababu eti mtoto hulala kwa baba yake mara kwa mara. Na viatu vipya vingetoka wapi?

Bi Beryl, jirani, aliingia kurudisha bakuli la pai. Zamani alipika shuleni. Siku hizi hujitolea kwenye ofisi ya ushauri wa sheria karibu na maktaba. Aliisoma barua akiwa amesimama.

"Kwani Tilly hulala kwa baba yake?"

"Halali. Jumapili wanakula pamoja, wanalisha bata mferejini, anamrudisha kabla ya kuoga."

"Basi nani aliwaambia analala?"

Janine alijikuna shingo. "Mimi. Yule wa ofisi aliyepiga simu aliniuliza, 'Baba anasema hukaa naye wikendi, ni sawa?' Nikasema, 'Ndiyo, kiasi hicho.' Alikuwa mpole, Bi Beryl. Sikutaka kumsumbua."

"Wewe, mwanangu, hata mtu akikukanyaga unamwomba radhi."

"Si mguu wangu ulikuwa njiani?"

Bi Beryl alivuta kiti. "Sikiliza. Ofisi haihesabu matembezi. Inahesabu usiku ambao mtoto hulala kwa mzazi mwenzako. Kwanza waombe waangalie upya uamuzi wao, kabla siku thelathini hazijapita tangu tarehe ya barua. Wakikataa, watakuandikia. Hapo una mwezi mmodi wa kukata rufaa kwenye baraza la rufaa. Hulipi kitu. Na hakimu wa pale si mtu wa ofisi."

"Na Darren? Ataona ninamshtaki. Akikasirika asije tena, Tilly atakosa Jumapili zake."

"Humshtaki mtu. Unapinga uamuzi. Mwambie kwa mdomo wako, kabla barua ya ofisi haijamfikia."

Jumapili Janine alimwambia, mlangoni. Masikio ya Darren yakawa mekundu.

"Kwa hiyo mimi mwongo?"

"Sijasema hivyo."

Tangu siku hiyo Darren hakuingia tena kunywa chai. Alikuwa akipiga honi tu barabarani, Tilly anatoka mbio na mkate wa kulisha bata.

Ofisi iliangalia upya, ikajibu kwamba haibadilishi kitu. Janine akajaza fomu ya rufaa, Bi Beryl akimwelekeza. Waliambatanisha nakala ya jibu la ofisi, pamoja na ujumbe ambao Darren mwenyewe huandika kila Jumapili: "Namleta saa kumi na mbili. Maji ya kuoga yawe tayari."

Siku ya baraza, Janine alitarajia majoho na nywele za bandia. Alikuta chumba kidogo, meza, jagi la maji, na hakimu mwanamke aliyefunga miwani kwa kamba. Darren alivaa tai yake ya mazishi.

"Bwana Ashworth," hakimu alimwambia Darren, "Tilly akija kwako hulala wapi?"

Darren alirekebisha tai. "Halali, mheshimiwa. Nina chumba kimoja, na alfajiri naendesha lori. Lakini waliniuliza nakaa naye lini, na mimi Jumapili sikosi. Nilihesabu Jumapili. Sitaki ionekane simjali."

"Hakuna anayezichukua Jumapili zako. Hapa tunaangalia usiku tu."

"Na mimi nilipaswa kusema hapana kwenye simu," Janine alisema. "Samahani."

Hakimu alivua miwani. "Hilo la kushindwa kusema hapana, mama, ni kosa la nchi nzima."

Hata Darren alicheka.

Hakimu aliliondoa lile punguzo, na ofisi ikarekebisha hesabu. Jumapili moja baadaye, honi haikulia. Mlango uligongwa. Darren aliingia na buti zake za lori, akakanyaga kidole cha Janine.

Janine alifungua mdomo aombe radhi. Akaufunga. Akaufungua tena.

"Darren, umenikanyaga."

"Aa, samahani."

Bi Beryl, aliyekuwa mezani, alificha uso ndani ya kikombe.

Tilly alikuwa akizungukazunguka jikoni ili viatu vyake vipya vionekane. "Baba, kwa nini mimi silali kwako?"

Darren alimtazama Janine. "Nikipata nyumba yenye chumba cha pili, je?"

"Atalala," Janine alisema, akimmiminia chai. "Na siku hiyo tutaiambia ofisi, wote wawili. Na nikiulizwa, nitajibu kama ilivyo."

"Kitanda kiwe cha bluu," Tilly alisema, akaenda kutafuta mkate wa bata.