Mfuko wa Kamba Nyekundu

Kila Jumamosi ya msimu wa baridi, Nimo aliamka kabla ya kuitwa. Alivaa soksi mbili mbili, akazungusha skafu ya sufu juu ya hijabu yake, akajaza chai ya maziwa yenye iliki kwenye chupa, kisha akakaa dirishani kulingoja gari la shangazi yake. Wakati huo mtaa wao wa Erdington, jijini Birmingham, ulikuwa bado kimya, na vioo vya magari vilikuwa vyeupe kwa barafu.

Shangazi huyo aliitwa Barwako, na Nimo alimwita Eeddo, kama Wasomali wanavyomwita dada wa baba. Alikuwa mtafiti wa ndege. Alikulia Isiolo, akichunga mbuzi huku macho yakiwa juu ya miti kutazama viota. Akasoma Nairobi, akaja kuongeza masomo Birmingham, na sasa kazi yake ilikuwa kuchunguza jinsi ndege wadogo wa mjini wanavyovumilia baridi, na kutetea vichaka vyao visifyekwe ovyo. Shuleni Nimo hakuchoka kumtaja. "Eeddo wangu huwavisha ndege pete," angesema, utadhani ndege hao wanakwenda harusini.

Jumamosi hii gari lilipofika, kiti cha mbele kilikuwa na mtu. Alikuwa Trupti, jirani yao, tena wa darasa moja na Nimo.

"Kaa nyuma leo, mama," Eeddo alisema. "Trupti ameniomba siku nyingi. Na sheria ya gari hili ni ileile, Kiswahili tu!"

"Habari ya asubuhi, Nimo," alisema Trupti. Kiswahili chake alikipata kwa bibi yake, mzaliwa wa Kisumu.

"Nzuri," Nimo akajibu, akiufunga mlango kwa kishindo. Njia nzima alikitazama kisogo cha Trupti kama mtu anayetazama sahani yake ikiliwa na mwingine.

Walifika kwenye hifadhi ndogo kando ya mto, upande wa Castle Vale. Eeddo alitandaza nyavu zake, nyembamba kama utando wa buibui, kisha akawaambia, "Tieni mikono mfukoni. Anayemshika ndege kwa mkono wa baridi anamnyang'anya joto lake."

Trupti alitia mikono yake kwapani, akatulia. Nimo yeye alitaka kuonyesha kwamba ni mwenyeji. Alivunja barafu ya dimbwi kwa vidole vitupu, akainyanyua kama kioo cha dirisha.

"Ona! Mimi siogopi baridi!"

Punde ndege sita wakanasa kwenye wavu. Walikuwa wadogo kuliko limau, wenye mkia mrefu kama mpini wa kijiko, na Eeddo aliwaita mikia-mirefu. Aliwatoa mmoja mmoja, akawavisha mguuni pete nyepesi zenye namba za kuwatambulia, akawapima, akamtia kila mmoja katika mfuko wake wa kitambaa. Trupti alivuta kamba za mifuko, naye Nimo akaitundika tawini.

"Hawa ni jamaa moja," Eeddo alieleza. "Tunawaachia wote pamoja. Usiku hulala wamebanana kwenye tawi moja wapeane joto. Haya, nipeni mikono niishike."

Alishika ya Nimo, akatikisa kichwa. "Barafu tupu." Akashika ya Trupti. "Hii ni moto kama mandazi! Trupti, huyu wa kamba nyekundu utamwachia wewe."

Nimo alirudisha mikono yake mfukoni kwa hasira. Majira mawili ya baridi alikuwa akibeba mifuko, wala hajawahi kumwachia ndege kwa mkono wake. Leo mgeni wa siku moja!

"Nimo, linda mifuko," Eeddo alisema. "Sisi twende tukaukunje ule wavu wa pili, upo nyuma tu ya kichaka hiki."

Aliwasikia wakicheka kule nyuma. Akautazama mfuko wa kamba nyekundu ukitikisika kidogo. Basi asimpate, alijisemea. Akailegeza kamba. Ndege akaruka pr! akatokomea kwenye miti ya miiba karibu na daraja la waendao kwa miguu.

Waliporudi, Eeddo aliugusa mfuko. Ulikuwa mtupu.

"Huyu yuko wapi?"

Nimo aliangalia viatu vyake. Trupti ndiye aliyesema, kwa sauti ndogo, "Labda ni mimi, Anti. Sikukaza kamba vizuri. Nisamehe."

"Tatizo si kamba, mwanangu. Usiku huu kutaganda. Mkia-mrefu aliyelala peke yake anaweza asifike asubuhi. Na hawa watano siwezi kuwaweka mfukoni nikizunguka kutafuta. Ningejua tu ameelekea wapi, ningewaachia hukohuko wasikilizane."

Trupti alianza kulia. Nimo alitamani Eeddo amkaripie Trupti, na hapohapo akajionea haya kwa kutamani hivyo. Kwa mbali alisikia mlio mwembamba, sii-sii-sii, ukiita bila kujibiwa.

"Yuko darajani," alisema ghafla. "Kwenye miiba. Mimi ndiye niliyemfungua, Eeddo. Trupti alifunga vizuri. Niliona wivu."

Eeddo alichukua mifuko, wakaenda haraka haraka hadi darajani. Hapo alimwekea Trupti ndege mmoja kiganjani, wale wengine akawafungulia kwa pamoja. Nimo alisimama kando, mikono mitupu. Wale watano walitua mitini, wakaita. Kutoka ndani ya miiba, yule wa sita akajibu, akaruka akajipenyeza katikati yao. Kundi zima likaondoka likipigiana kelele.

"Umesema kwa wakati," Eeddo akamwambia Nimo, "na kusema kwako kumemwokoa. Lakini sikiliza. Wivu ulikuambia kwamba Trupti akipata, wewe umenyang'anywa. Nani alikunyang'anya? Dimbwi lile ndilo lililochukua joto la mikono yako. Ukitaka kitu, jiandae kukipata, usimharibie mwenzako. Na kosa lako usimwachie mwingine alibebe."

"Nisamehe, Trupti," Nimo alisema.

Trupti alipangusa pua. "Nilikaa nikijiona muuaji wa ndege, wewe!" Kisha akavua glavu zake za sufu, akamrushia. "Vaa. Jumamosi ijayo ukija na mikono ya samaki wa friji, tunakuacha nyumbani."

Eeddo alicheka. Nimo alizivaa zile glavu, bado zina joto la Trupti, akafungua chupa na kummiminia yeye chai ya kwanza. Walipolifikia gari, alikwenda moja kwa moja kukaa nyuma, bila kuambiwa.