Mayai ya Fundi Yamepauka

Kila asubuhi, kabla ya kugusa cherehani, Fundi aliingia bandani kuokota mayai. Fundi alikuwa mshonaji wa nguo. Mtaa mzima ulimwita hivyo, hata mumewe, hasa akitaka kuongezewa chai. Nyuma ya nyumba alifuga mitetea kumi na wanne na jogoo mmoja. Jogoo aliitwa Brigedia. Alikuwa mrefu, kifua mbele, na alitembea kama anayekagua gwaride. Mume wa Fundi alimheshimu kuliko mashemeji zake.

Hawa hawakuwa kuku wa kawaida. Watu waliwaita kuku wa chokoleti kwa sababu ya mayai yao. Ganda la yai lilikuwa la kahawia iliyokolea, linang'aa kama kiatu kipya. Ladha ilikuwa ya yai tu, wala hakuna aliyedai vingine. Lakini rangi ile iliwafanya wapita njia wasimame.

Fundi aliachiwa kuku hao na dada yake mkubwa. Dada alikuwa mgonjwa sana. Hakusema lolote kuhusu nyumba wala vyombo. Alisema, "Kuku wangu, usiwapoteze." Fundi akaahidi. Miaka mitano ilikuwa imepita tangu siku hiyo.

Ijumaa moja alikuja Karani wa chama cha wafugaji. Alibeba daftari na kadi yenye madoa tisa ya rangi. Doa la kwanza lilikuwa jeupe kidogo. La tisa lilikaribia weusi. Yai likifika namba nne, kuku anahesabiwa kuwa wa chokoleti. Lisipofika, kuku huyo ni chotara.

Karani aliweka yai moja kando ya kadi. Akakunja uso.

"Mbili," alisema.

"Mbili nini?"

"Namba mbili, mama. Na hili mbili. Hili nalo mbili. Hili nikilitazama kwa jicho moja, tatu."

"Basi tumia macho yote!"

"Nikitumia yote linarudi mbili." Karani akaandika. "Nitakuja tena mwakani. Yasipofika nne, nitaufuta ukoo huu kwenye daftari."

Alipoondoka, Fundi alikaa kwenye cherehani na hasira zake. Alikuwa akishona suruali ya mwalimu mkuu. Akaufunga mguu mmoja kabisa, pande zote, kwa mshono imara.

"Chotara!" alifoka. "Kuku wa dada yangu ni chotara? Yule Karani ana macho au ana vifungo?"

"Mimi najua tatizo," mumewe alisema. "Ni jirani. Jogoo wake anaruka ukuta."

"Jirani hana jogoo. Ana bata."

"Basi ni bata."

 Fundi alivaa ndala, akaenda nyumba ya tatu, kwa Mkunga. Mkunga alikuwa mama mtu mzima, mstaafu wa wodi ya wazazi. Zamani alifuga kuku wa chokoleti pamoja na marehemu dada wa Fundi, na bado alikuwa nao wachache. Alifika bandani amevaa miwani, akaomba kuyaona mayai.

"Haya nani ameyasugua?" aliuliza.

"Mimi," mume wa Fundi alisema kwa fahari. "Kwa brashi ya sufuria. Mgeni wa chama hawezi kuonyeshwa yai lenye uchafu."

"Baba, rangi ya yai hili hupakwa juu ya ganda mwishoni, kuku akikaribia kutaga. Haingii ndani. Ukisugua, inatoka."

Fundi alimtazama mumewe kwa macho yanayoweza kukaanga yai bila mafuta.

"Kwa hiyo Karani alikosea!" Fundi alisema.

"Kwa hilo, na kwa jingine. Kuku wako wametaga miezi mingi mfululizo. Wakiendelea kutaga, rangi hupungua. Wakinyonyoka manyoya na kupumzika, rangi hurudi. Yai la kupimwa ni la mwanzo wa msimu. Nitamwambia mwenyewe mbele ya chama."

"Mwambie! Tena kwa sauti!"

"Ngoja kwanza. Hata yasingesuguliwa, haya yangefika tatu. Ya dada yako yalikuwa sita." Mkunga alivua miwani. "Ukiuza mayai, unauza yapi?"

"Yaliyokolea. Wateja wanayagombania."

"Na ya kuatamiwa unachukua yapi?"

"Yale yanayobaki."

Mkunga aliliweka yai chini. 

"Yanayobaki ni yaliyopauka," Mkunga alisema polepole. "Mkulima akila mahindi bora na kupanda yaliyobunguliwa, atavuna nini? Kifaranga wa yai lililopauka akikua, naye hutaga yaliyopauka. Umefanya hivyo miaka mitano."

Fundi aliona uso ukiwaka. "Kwa nini hukuniambia mapema?"

"Nilikuja mara mbili kuuliza. Ukanijibu kuku wa dada yako unawajua."

Ilikuwa kweli. Fundi alitafuta mtu mwingine wa kumkasirikia. Akajikuta amebaki peke yake.

"Na jogoo huyu," Mkunga aliendelea, "alitoka kwenye yai la namna gani?"

"Sijui. Nilimchagua kwa urefu."

"Jogoo hatagi, Mkunga," mume wa Fundi aliingilia. "Rangi ya mayai inamhusu nini Brigedia?"

"Wewe umewahi kuzaa?"

"Mungu apishe mbali!"

"Basi masikio ya binti yako yametoka kwa nani?"

Binti yao alikuwa mlangoni. Masikio yake yalisimama kama vishikio vya kikombe, sawasawa na ya baba yake. Akashusha kilemba haraka.

"Jogoo huwapa watoto wake wa kike nusu ya urithi wa rangi," Mkunga alieleza. "Ndiyo maana tunamchagua aliyetoka kwenye yai lililokolea. Halafu tunangoja mabinti zake watage. Mayai yao ndiyo cheti chake. Na mtazame miguu. Ya kuku hawa inatakiwa kuwa myeupe kidogo, na manyoya machache upande wa nje. Jicho liwe la rangi ya chungwa. Brigedia ana miguu ya njano, haina unyoya hata mmoja. Ana sauti tu."

Mume wa Fundi alisimama mbele ya Brigedia kumkinga asisikie zaidi.

Kazi ilianza wiki hiyo. Kuku waliachwa wanyonyoke manyoya na kupumzika. Fundi alimfunga kila mtetea uzi wa rangi yake mguuni, akiulegeza usimkate. Walipoanza kutaga tena, alimtenga kila mmoja kwenye kizimba chake kwa siku chache, ili ajue yai ni la nani. Aliandika kwenye daftari la vipimo vya nguo. Ukurasa mmoja ulisema: "Kiuno cha mke wa mchungaji. Uzi mwekundu, yai namba nne, ganda gumu."

Mitetea wanne walifika namba nne. Mmoja kati yao, mwenye uzi wa kijani, alikuwa na ganda jepesi lililopasuka ovyo.

"Lakini rangi yake ni nzuri kuliko zote!" Fundi alilalamika.

"Na vifaranga utatotoa kwenye rangi?" Mkunga aliuliza. Uzi wa kijani ukaachwa.

Mkunga alimwazima jogoo wake. Alitokana na kuku wa marehemu dada, na yai alilotoka lilikuwa namba sita. Upanga wake wa kichwani ulikuwa umelala upande mmoja, kama kofia ya mlevi. Miguu na macho vilikuwa sawa. Brigedia alistaafu kwa heshima, ndani ya sufuria. Mume wa Fundi aliapa hatamgusa. Alidumu na kiapo hicho mpaka harufu ya vitunguu ilipomfikia.

Sasa mayai bora hayakuuzwa. Wateja walinuna.

"Yale yaliyokolea unamfichia nani?" mmoja alifoka.

"Yana kazi," Fundi alimjibu. "Chukua haya, au kataga mwenyewe."

Aliatamisha mayai ya mitetea watatu tu, yenye umbo zuri, bila kuyaosha. Wakapatikana vifaranga kumi na tisa. Miezi saba baadaye, mitetea wapya walianza kutaga.

Karani alirudi mwanzoni mwa msimu huo. Mkunga alikuwa amesema naye mbele ya chama, tena kwa sauti. Karani akaomba mayai ambayo hayajasuguliwa. Mume wa Fundi alitazama dari.

"Tano," Karani alisema. "Tano. Nne. Tano. Hili la mwisho... sita! Hongera, mama!"

Fundi alilichukua yai. Akatoka nalo nje kwenye mwanga, na kadi mkononi. Aliligeuza upande huu na upande ule. Akarudi ameudhika.

"Hili ni tano."

"Nimekuongezea kidogo. Mwaka jana nilikuonea."

"Ndiyo uniharibie na mwaka huu? Ukiandika sita, nitaatamisha nikidhani nimefika. Andika tano!"

Karani alifuta, akaandika tano. Chini yake akaandika: "Ukoo unabaki. Kuku halisi." Akafunga daftari.

"Fungua," Fundi alisema. "Yule wa namba nne ana uzi wa njano. Mwandike kwamba hatazalishwa. Mayai yake ni ya kukaanga."