Pindo la Shangazi

Shangazi yangu alikuwa fundi cherehani, tena wa mkono wa kushoto. Mishono yake ya mkono ililalia upande usiozoeleka, na wateja waliitambua popote. Hakujaliwa mtoto. Mama aliponizaa mimi, shangazi alimletea gauni jeupe la kichanga, pana, la kukulia.

"Wifi, mvalishe hili kila siku," alisema.

Mama alishukuru. Nani angekataa zawadi ya wifi yake?

Tangu hapo nikawa namkataa mama. Nikilia, anayeninyamazisha ni shangazi tu. Nilimwita yeye mama, na mama nikamwita "yule". Watu walicheka, wakasema damu nzito kuliko maji. Mama hakucheka.

Shangazi alifariki mwaka nilioolewa, akaniachia cherehani yake. Binti yangu alipoanza kukaa, mama alilitoa gauni sandukuni, akalifua na kulipiga pasi. Nyumbani kwetu gauni la kifungua mimba halitupwi, humngoja mjukuu.

Nilimvalisha asubuhi. Kufika mchana alikuwa analisukuma titi langu. Nikambeba, akajipinda mgongo akilia. Kisha akanyamaza. Alikuwa ameinyoosha mikono kwenye cherehani, kwenye kiti kitupu, anatabasamu.

Nilikikalia kiti kile. Akalia. Nikainuka. Akacheka.

Wivu nilidhani naujua. Kumbe sikuujua mpaka nilipomwonea marehemu. Mtoto nimemzaa mimi, kwa uchungu wangu, halafu anamchekea mwingine ndani ya nyumba yangu. Nilitamani kukivunja kiti kile kwa shoka.

Mama alikuwa amesimama mlangoni.

"Na wewe ulikuwa hivyohivyo," alinong'ona. "Mvue."

Alichukua wembe, akafumua pindo. Ndani mlikuwa na unywele, umeshonwa pamoja na uzi. Akauvuta. Ukaja. Akauvuta tena. Ukazidi kuja, ukamzunguka kiganja. Mwanzo wake ulikuwa mweusi. Uliobaki, wote mvi.

Shangazi alipolishona gauni lile hakuwa na mvi hata moja.

"Kikulacho ki nguoni mwako," mama alisema. "Alitaka mtoto mmoja tu. Hakuwaza kwamba mtoto naye atazaa."

"Au aliwaza," nilisema.

Tuliuchoma jikoni pamoja na gauni. Binti yangu akarudi kifuani, akanyonya mpaka akasinzia. Nililia kwa furaha. Nikamvalisha gauni jipya la dukani, nikamlaza kitandani, nikaenda kuoga. Mama alikuwa uani anamwaga majivu.

Niliporudi, mtoto alikuwa macho. Hakunitazama. Alikuwa anaitazama cherehani.

Nilimbeba kwa nguvu, gauni likanipitia mkononi. Pindo lilikuwa limekunjwa upya, likashonwa kwa mkono. Mishono ilikuwa midogo, safi, nayo ililalia upande ule usiozoeleka.