Maneno Aliyoyaruka Msemaji wa Nana

Siku ya baraza Kwaku Boadi hakunywa maji. Alikula kiazi kikuu na mchuzi wa majani, kisha akasukuma kikombe mbali. Mkewe, Adwoa Nyarko, alikirudisha.

"Kikombe kimekukosea nini?"

"Leo kuna baraza."

"Kwani watu wa baraza hawanywi maji?"

"Niache, Mama Yaa!"

Alikaa, akainuka, akakaa tena. Ubavu wa kushoto ulikuwa ukimchoma.

Boadi alikuwa msemaji wa Nana, chifu wa mji wetu wa kakao. Kwetu mtu hasemi na chifu moja kwa moja barazani. Unamwambia msemaji, naye anamfikishia Nana kwa sauti. Hata kama Nana amekusikia, neno halijafika mpaka msemaji alitamke. Na Nana akishaketi, msemaji hainuki mpaka Nana ainuke.

Basi Boadi, aliyekuwa akibanwa na mkojo kila mara, aliona dawa ni kukaa na kiu. Dawa gani hiyo! Lakini aliogopa sana kuinuka mbele ya watu na kunyang'anywa fimbo ya usemaji. Tena mkojo wake ulikuwa umeanza kuwa mwekundu. Hilo hakumwambia mtu. Adwoa aliligundua mwenyewe chooni, akawa anasubiri aambiwe.

Barazani walikuja wageni kutoka hospitali, na chupa ya pombe ya heshima mkononi. Aliyewaongoza alikuwa nesi, Dinah Ofosuhene.

"Msemaji, mwambie Nana tunafanya utafiti wa tezi dume," alisema. "Ni kiungo kidogo cha mwanamume, kiko chini ya kibofu. Tunaomba wanaume wa makamo na wazee waje tuwapime damu."

Boadi alifikisha maneno hayo vizuri, sauti ikipanda na kushuka.

"Damu!" alidakia Mzee Baffour. "Mwambie Nana, hawa wanakwenda kuiuza!"

"Damu yako, Baffour, nani ainunue?" alisema mtu nyuma. Watu wakacheka.

Dinah naye alicheka. "Mwambie Nana damu ni kidogo na haiuzwi. Halazimishwi mtu. Hata aliyekubali anaweza kuacha. Majibu yake tutampa yeye mwenyewe."

Boadi alifikisha. Jasho lilikuwa likimtoka.

"Mwambie Nana, saratani ya tezi dume ikianza mara nyingi haina dalili, ndiyo maana tunapima. Aliyefiwa na baba au kaka kwa ugonjwa huo yuko hatarini zaidi. Na anayekojoa damu, au anayeumwa sana ubavuni, asitusubiri sisi. Aende hospitali mara moja."

Boadi alishika fimbo kwa mikono miwili. "Nana, anasema saratani hiyo ikianza haina dalili. Anayetaka kupimwa, aende."

"Ameruka!" Adwoa alisimama katikati ya wanawake. "Nana, ameruka maneno! Ameiruka damu!"

"Mwanamke, kaa chini!" wazee walifoka.

Nana alimgeukia msemaji wake. "Boadi, masikio yangu ni mazima. Mbona umeyaruka?"

Wakati huo maumivu yalimkata kutoka ubavuni mpaka kinenani. Boadi alijizuia, akashindwa. Akainuka, ameshika fimbo, Nana akiwa bado ameketi.

"Nana, nimeyaruka kwa sababu ni yangu," alisema. Aliona aibu mpaka akatamani ardhi immeze.

Nana akainuka upesi.

"Mnakodoa nini?" aliuliza. "Si nimeinuka? Basi msemaji wangu naye ameinuka. Baraza limekwisha. Mpelekeni hospitali."

Hospitali walimpiga picha ya tumbo. Kulikuwa na jiwe linaloshuka kutoka kwenye figo, nalo ndilo lililoleta damu kwenye mkojo.

"Unakunywa maji?" daktari aliuliza.

"Siku ya baraza sinywi. Wala siku ya mazishi."

"Na mazishi ni lini?"

"Daktari, watu wanakufa kila wiki!" alisema Adwoa.

Daktari alitikisa kichwa. "Mwili ukikosa maji, mkojo unakuwa mzito. Chumvi zake zinagandamana, zinakuwa jiwe. Hili ni dogo. Kwa dawa na maji litatoka."

Dinah alimuuliza kama angependa kuingia kwenye utafiti. "Kaka yangu alikufa akilia kiuno, na mkojo hautoki," alisema Boadi. "Tulisema amerogwa. Nipimeni."

Jiwe lilitoka. Lakini kipimo cha damu kilikuwa juu. "Peke yake hakisemi ni saratani," Dinah alieleza. "Tutachukua nyama kidogo ya tezi tuichunguze." Siku za kungoja majibu Boadi hakutulia. Alizunguka ua mpaka kuku wakamkimbia.

Ilikuwa saratani, bado changa, ndani ya tezi tu. "Jiwe ndilo lililokuleta," daktari alisema. "Saratani yenyewe ilikuwa kimya." Walimfanyia upasuaji katika hospitali kubwa ya mji wa Kumasi, akapona. Bado huenda kupimwa damu, na Adwoa humsindikiza.

Dinah aliporudi barazani, chini ya kiti cha msemaji kulikuwa na chupa ya maji. Nana siku hizi huinuka katikati ya baraza, kila mtu ajinyooshe. Boadi alifikisha maneno yote ya Dinah, na damu, na ubavu, akaongeza: "Nana, mimi ni mmoja wao."

Hakuna aliyecheka. Mzee Baffour alikohoa.

"Msemaji, mwambie Nana naomba ruhusa niinuke. Mkojo wangu una damu."

Boadi alikunywa maji kwanza. Kisha akamgeukia Nana, akayafikisha yote, hakuruka hata neno moja.