Goti la Mutindi

Mimi ni Wayua, mkulima wa nyanya hapa Kibwezi. Binti yangu Mutindi ana miaka kumi na tatu. Anapenda voliboli kuliko chakula.

Mwaka jana alianza kusema goti linauma. Nikaliangalia. Hakuna kidonda. Hakuwa ameanguka. Leo anachechemea, kesho anakimbia. Sasa mtu aelewe nini hapo?

"Mutindi, wacha uongo. Unakwepa kuteka maji."

"Mama, haki ya Mungu linauma!"

Nilimpeleka kwa mama mmoja anayekanda watu. Alilivuta goti mpaka mtoto akalia. Likafura. Jumapili tukaombewa kanisani. Siku hiyo maumivu yalikuwa yametulia, basi mchungaji akasema, "Ruka tuone!" Mutindi akaruka mara tatu. Tukapiga vigelegele.

Jumatatu goti likakwama. Halikunjiki, halinyooki. Nilichanganyikiwa kabisa. Nilimkosea Mungu wapi?

Jirani yetu Mumbua hufundisha wagonjwa mazoezi ya viungo hospitalini. Alitupeleka huko, goti likapigwa picha. Kisha akaniketisha.

"Mama Mutindi, wewe hutafuna gegedu?"

"Ile nyeupe ya mwisho wa mfupa wa kuku? Sana!"

"Hata sisi tuko nayo kwa viungo. Chini ya gegedu ya Mutindi, kipande cha mfupa kimekosa damu ya kutosha. Kimelegea. Kila akiruka, kinazidi kulegea."

"Na hakuanguka!"

"Si lazima aanguke. Huwapata sana vijana wa michezo. Maumivu huja na kwenda. Siku nzuri si kupona."

"Kwa hivyo tusiombe?"

"Ombeni, mama. Lakini asiruke."

Daktari wa mifupa alimfanyia upasuaji, akakifunga kile kipande mahali pake. Alisema tungekuja mapema, pengine kupumzika tu kungetosha. Maneno hayo yaliniuma sana.

Mutindi alitembea na magongo, kisha akafanya mazoezi na Mumbua kwa miezi mingi. Goti likapigwa picha nyingine. Mfupa ulikuwa umeshika.

Juzi aliruhusiwa kucheza seti moja shuleni. Alicheza vizuri, ikaisha, akatoka mwenyewe bila kuambiwa. Nilimkumbatia.

"Nisamehe, mwanangu. Nilisema unakwepa kazi."

"Uliniita mwongo pia," alisema akicheka.

Mimi sikucheka. Nililia pale pale, mbele ya walimu wote.